Hitimisho la Mto Lungwe

Kila asubuhi, kabla wahadhiri hawajafika, nilikuwa nikimwagilia maua ya Idara ya Sayansi ya Mazingira. Maua yenyewe ni ya plastiki, lakini mtaala unataka kila mwanafunzi wa uzamili awe na zoezi la kila siku la kutunza uoto, na mtaala ni mtaala. Nilianzia yale ya dirishani, nikaja ya mlangoni, kisha nikapangusa sakafu kwa tambara, kwa sababu maji yote huishia hapo. Kazi hiyo niliipenda. Ua la plastiki halikutazami kwa lawama.

Asubuhi moja nilikuwa bado nimeinamisha kopo simu ilipolia. Alikuwa Bibi Mwamvita, mama wa mama yangu, aliyenilea kule Bondeni. Bibi anaamini kwamba sauti hupungua ikisafiri hewani, kwa hiyo kwenye simu hupaza sauti. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa haraka kama mtu anayeondoa kikwazo njiani, kisha akaniambia kwamba Bondeni nzima inanisalimu, na kwamba Msemaji wa Mto amekuja na kipaza sauti akawasomea maneno ya kitabu changu. Mto wetu ni salama. Siku nitakapotetea kitabu hicho mbele ya maprofesa, chemchemi ya mlimani itafungwa na watu wote wataanza kunywa maji ya mto.

"Tumejitesa bure na kile kilima, mke mwenzangu," alisema. Bibi hunitania hivyo tangu utotoni, maana marehemu babu alikuwa akiniita mchumba wake. "Wapo waliotaka kubisha. Nikawaambia, Tunu hawezi kutuandikia uongo. Wakanyamaza. Na mimi ndiye niliyechaguliwa kunywa wa kwanza, hapo hapo chuoni kwenu."

Maji yakaendelea kutoka kwenye kopo. Chungu kikajaa, kikafurika, ua likang'oka na kuelea. Nikamwambia Bibi kwamba simu inakatakata, simsikii vizuri.

Nilikuwa nikimsikia vizuri sana.

*

Kwa wasomaji wa nchi nyingine ambao huenda hawaufahamu utaratibu wetu, naomba nieleze kidogo. Nchi yetu, ambayo jina lake tumeombwa tusilitaje ovyo lisije likachakaa, inayajali mazingira kuliko nchi yoyote. Tuna Wizara ya Mazingira na tuna Wizara ya Mazingira Yaliyobaki. Tuna Siku ya Taifa ya Kutazama Kijani, ambapo wananchi hutoka nje na kutazama bendera, kwa kuwa ina mstari wa rangi hiyo. Kila mto una msemaji wake mwenye ofisi na dereva. Mito kadhaa imekauka, lakini wasemaji wake bado wanaripoti kazini, maana si haki kumwachisha mtu kazi kwa kosa la mto.

Ili uingie kwenye shahada ya uzamili unahitaji shahada ya kwanza yenye ufaulu mzuri, cheti cha afya, na wadhamini wawili. Mdhamini mmoja awe mtu, na wa pili awe mti. Sharti la mti liliwekwa na waziri mmoja wa zamani katikati ya hotuba, na kwa kuwa watu walipiga makofi, halikuweza tena kuondolewa. Mwombaji hupigilia fomu yake kwenye shina kwa msumari, na mti usipoiangusha hadi jioni huhesabiwa umekubali. Miti ilipopungua, sote tulianza kwenda kwenye mwarobaini mmoja uliokuwa nyuma ya wizara. Ulidhamini watu wengi sana, wengine leo ni makatibu wakuu, mpaka misumari ikauua. Wizara ikaupaka rangi ya kijani kuanzia shina hadi matawi, na tangu siku hiyo haujamkataa mtu. Mimi mwenyewe ulinidhamini ukiwa katika hali hiyo. Nilipokuwa nagonga msumari niliuomba radhi kwa sauti ndogo, askari wa lango akanicheka.

Mwaka wa kwanza ni wa masomo ya lazima. Tulisoma Sheria za Mazingira, pamoja na adabu ya kuzisogeza pembeni zinapokutana na mwekezaji. Tulisoma Takwimu za Heshima, ambamo namba kubwa hufundishwa kuinama mbele ya wakubwa. Masomo ya hiari pia yapo, na mwanafunzi ana uhuru kamili wa kuchagua lile lililopo. Baadaye huja mafunzo ya nyanjani, ambayo hufanyika katika Ukumbi wa Nyanjani, ghorofa ya pili. Ukutani fundi hodari amechora mto, na samaki wake wote wanatabasamu. Tulivaa mabuti ya mpira, tukajipanga kando ya ukuta, tukaandika vipimo. Mwenzetu mmoja aliteleza kwenye vigae akaangukia upande wa mto. Msimamizi akaandika kwamba amezama, naye ikabidi arudie mwaka.

Mwisho ni tasnifu. Nimesikia kuna nchi ambako mtu hutafiti kwanza halafu ndipo anahitimisha. Kwetu huo unaonekana ni ukosefu wa mipango, kama kuwasha moto kabla hujaambiwa mgeni anakula nini. Mwanafunzi wetu hupewa hitimisho lake siku ile ile anayojiandikisha, kwenye Dirisha la Mahitimisho, ndani ya bahasha yenye muhuri, kisha hupewa muda wa kutosha wa kulitafutia utafiti wake. Jirani yangu kwenye foleni alipata "Hewa ya mji mkuu inapumulika." Akafurahi, kwa sababu hata yeye alikuwa anapumua. Mimi nikafungua yangu nikakuta: "Mto Lungwe ni salama kwa matumizi yote ya binadamu."

Nikaketi kwenye benchi. Lungwe ndio mto wa kwetu.

*

Kabla haujafika Bondeni, Mto Lungwe hupita nyuma ya kiwanda cha rangi za vitambaa. Tulipokuwa watoto hatukuhitaji kalenda. Mto ukiwa wa zambarau tulijua kesho ni gulio, na ukiwa mwekundu tulijua Ijumaa imefika. Bata wa jirani yetu aliingia humo mweupe akatoka wa buluu, na akabaki wa buluu mpaka alipokufa, ingawa hakuchelewa kufa. Maji yale tulifulia nguo za kazi tu. Ya kunywa yalitoka kwenye chemchemi ya mlimani, kwa njia ya mawe inayochuna magoti. Bibi aliipanda njia hiyo maisha yake yote, na mimi mgongoni kwa sehemu ya maisha hayo.

Likizo iliyofuata nilipokwenda nyumbani nilifanya jambo ambalo kanuni za chuo zinalikataza waziwazi. Niliupima mto wenyewe. Nilichukua vichupa na karatasi za kupimia kutoka maabara, nikachuchumaa ukingoni nikijifanya naosha miguu. Karatasi ya kwanza ilibadilika rangi kabla sijaizamisha vizuri. Ya pili ikatoboka. Nilichopata kwenye vichupa sitakiandika hapa kwa jina lake la kitaalamu, kwa sababu jina hilo ni refu na athari yake ni fupi: huingia kwenye figo, hukaa, na haitoki.

Nikampelekea msimamizi wangu, Dakta Masumbuko. Ni mtu mwema. Huwapa wanafunzi nusu ya muhogo wake wa kuchoma, na kila swali gumu hulijibu kwa kukohoa. Alizitazama karatasi zangu kwa muda mrefu. Akakohoa. Akaniuliza kama kuna mtu mwingine aliyeziona, nikasema hakuna. Akaenda kufunga mlango, akarudi, akakaa.

"Tunu, mwanangu," alisema, "hukupima. Uliota."

Nilisema labda. Mimi ni mtu ambaye nikikanyagwa mguu huomba radhi.

Akazikunja karatasi zile mara nyingi mpaka zikawa kama tambuu. Halafu, akitazama maua ya dirishani, akasema kitu ambacho sikumwuliza.

"Mimi nilipewa msitu. Kwamba unaongezeka."

Huo msitu sikuwahi kuusikia. Nilitaka kumuuliza uko wapi, lakini alikuwa ameanza tena kukohoa, safari hii kikohozi cha kweli.

Kwa hiyo nikaandika. Nilichukua namba zangu nikazipitisha kwenye Takwimu za Heshima, na moja baada ya nyingine zikainama. Pale ambapo maji yaliua, niliandika kwamba yana ushawishi. Pale ambapo samaki hawakuwepo, niliandika kwamba wamehama kwa hiari. Niliandika kwa lugha nzuri, na hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba kuna sentensi humo nilizozionea fahari. Nilijiambia kwamba tasnifu hazisomwi na mtu. Nilijiambia pia kwamba Bibi amekwisha kuwatangazia wanawake wote wa Bondeni kuwa mjukuu wake atavaa joho, na kwamba picha yangu ya kitambulisho ameibandika juu ya kabati la vyombo, na kwamba watu wa Bondeni wanajua wenyewe kuwa mto ule haunyweki. Nani atamwamini msomi kuliko bata wa buluu?

Sikujua kwamba tasnifu yangu ina msomaji mmoja mwenye bidii. Kampuni ya Maji ya Kilele, inayouza maji ya chupa kwa watu wa mji mkuu, ilikuwa imeipenda chemchemi yetu. Sheria yetu ni ya huruma na hairuhusu chemchemi kuchukuliwa kama wenyeji hawana maji mengine salama. Ilihitajika karatasi moja tu ya kisomi, na ya mwenyeji ilikuwa bora zaidi.

*

Baada ya simu ile ya Bibi niliacha kopo hapo hapo nikaenda Ofisi ya Mashaka. Hiyo ndiyo ofisi pekee yenye mamlaka ya kubadilisha hitimisho. Ina mlango mzuri na jua la asubuhi huingia vizuri. Ofisa wake alikuwa mama mpole aliyekuwa akimenya chungwa, akitoa ganda lote refu bila kulikata.

Aliniuliza kama nina hakika kwamba nina mashaka. Nikasema ninayo hakika. Akasikitika. Akanieleza kwamba mwenye hakika hahudumiwi pale, aende jengo la pili, Ofisi ya Hakika, ambayo imefungwa kwa ukarabati tangu yeye aajiriwe. Nikajirekebisha nikasema basi, labda sina hakika sana. Akasema kama sina hakika nirudi nyumbani nikatafakari, nisije nikaipotezea serikali muda. Nilitaka kumwambia kuhusu figo. Nilitaka kumwambia kuhusu kilima, na mgongo wa Bibi. Midomo yangu ikafunguka, nikajikuta nikisema asante.

"Pole, mdogo wangu," alisema, akanipa kipande cha chungwa. "Wengi huja. Wewe angalau umefika mpaka mezani."

Nilimpigia Bibi siku iliyofuata, nikiwa nimejipanga. Akapokea shangazi mmoja, akasema Bibi hayupo, ameenda kwa fundi kushona gauni la kuja nalo chuoni. Nikasema nitapiga tena. Siku nyingine nikampata mwenyewe, nikamuuliza habari za kuku.

*

Siku ya utetezi ukumbi ulijaa. Mezani walikaa watahini, na katikati yao Profesa Ngwali, Mkuu wa Kitivo, ndani ya joho lenye manyoya shingoni ingawa joto lilikuwa la kuyeyusha mshumaa. Mbele ya kila mmoja palikuwa na chupa ya Maji ya Kilele, imetoa jasho la baridi. Dakta Masumbuko alikaa pembeni akitazama viatu vyake. Kwa kuwa sheria inautaka mto wenyewe uwepo wakati unapojadiliwa, aliketishwa pia Bwana Chande, Msemaji wa Mto Lungwe, kwenye suti ya buluu na tai yenye mawimbi. Simu yake ilikuwa wazi mezani. Upande wa pili wa simu hiyo, kule mlimani, fundi wa Kilele alikuwa ameshika gurudumu la kufungia chemchemi, akisubiri kuambiwa.

Watu wa Bondeni walikaa nyuma. Bibi alikuwa mbele yao, gauni jipya, kanga mpya, na miguuni pake dumu la njano.

Nilitetea. Utetezi kwetu si mgumu, kwa sababu maswali hutolewa pamoja na majibu. Nilipomaliza, Profesa Ngwali akasimama akatoa hotuba. Alisema taifa lisilo na mito safi ni taifa lisilo na tasnifu. Alisema zamani tulikuwa tukiwauliza wataalamu wa nje kama mito yetu ni safi, na walikuwa wakitujibu, na hilo lilikuwa ni jambo la kudhalilisha. Akamgeukia Bwana Chande akamuuliza rasmi kama mto una pingamizi lolote.

Bwana Chande akanyanyuka akafunga kifungo cha koti. "Mto hauna pingamizi. Nimezungumza nao asubuhi. Umefarijika, na unamtakia binti yetu maisha mema."

Makofi yakapigwa. Ndipo Profesa akatangaza kwamba, kama ilivyo desturi ya chuo, mhitimu atanyweshwa maji ya kwao na mzee wake, na watahini watashiriki baraka hiyo. Bibi akaja mbele na dumu na kata yake ya kifuu cha nazi. Akafungua kifuniko. Maji yalikuwa na wekundu wa mbali, kama chai iliyosahauliwa kutiwa majani ya kutosha. Ilikuwa Ijumaa.

Bibi aliwakaribisha watahini kwa heshima zote. Mmoja akasema amefunga. Mwingine alisema daktari amemkataza vitu vitamu. Profesa Ngwali akaeleza kwamba joho halimruhusu kuinua mkono juu ya bega. Bwana Chande, akionekana kuguswa, akasema yeye na mto ni kitu kimoja, na mtu hajinywi. Bibi aliwasikiliza wote, akawaonea huruma kwa maradhi yao.

"Basi tutakunywa sisi wenye mali," alisema.

Kwetu Bondeni anayekaribisha huonja kwanza mbele ya mgeni. Tunaita kuondoa sumu. Hakuna anayefikiria sumu. Ni adabu tu, kama kubisha hodi kwenye nyumba ambayo mlango uko wazi. Bibi amewaondolea watu sumu maisha yake yote, kwenye uji, kwenye togwa, kwenye mchuzi wa matanga. Akachota, akaishika kata kwa mikono miwili. Bwana Chande akainamia simu akamwambia fundi asubiri kidogo, mama anakunywa sasa hivi.

Nikasimama. "Bibi," nikasema, "matokeo ya utafiti huu yana mipaka yake."

Bibi alitabasamu. Anapenda sana ninapoongea kisomi. Akawageukia watu wa Bondeni kuhakikisha kwamba wamesikia, nao wakaitikia kwa minong'ono ya fahari. Profesa Ngwali akaitikia kwa kichwa, akasema huo ndio unyenyekevu wa mwanasayansi.

"Inapendekezwa," nikasema, "kwamba tahadhari stahiki ichukuliwe na watumiaji."

Dakta Masumbuko akakohoa.

"Ngoja kwanza, mke mwenzangu," Bibi akaniambia, kwa upole, kama anavyoniambia nikimwongelesha akiwa na kitu motoni. "Nikuondolee sumu, halafu utaendelea."

Kata ikapanda. Niliona tone moja likidondoka kwenye gauni lake jipya na kuacha doa la waridi pale pale. Upande wa pili wa simu fundi akauliza kama tayari, afunge? Bwana Chande akainua kidole. Nikamtazama Dakta Masumbuko. Alikuwa ameinua macho kutoka kwenye viatu na ananitazama mimi, mkono uko mdomoni, na hakukohoa.

Kiti changu kilianguka nyuma yangu. Nilimfikia Bibi kata ikiwa imegusa mdomo, nikamshika kifundo cha mkono, maji yakatumwagikia wote wawili, nikasema kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, ambayo nyuma kabisa walisikia, na fundi kule mlimani alisikia:

"Usinywe, Bibi. Maji haya yanaua. Nilipima, nikajua, nikawaandikia uongo. Asinywe mtu."